Tanga limebaki kwenye picha, siasa yake tumeifuta

Ukipita Hurumzi au Gizenga, mitaa ya maduka ya Mji Mkongwe Zanzibar, asubuhi wakati maduka yanafunguliwa utaziona picha zinatolewa nje moja moja zinaegeshwa ukutani, jahazi na jua linazama, mlango wa Kizanzibari, Wamasai warefu wekundu wamejipanga mstari, tembo, alafu jahazi tena. Kama umekulia mjini macho yashazoea hata huzioni. Mie siku hizi nasimama kuziangalia, na kila nikiziangalia najiuliza swali moja tu, kwenye visiwa ambavyo mtu anamjua jirani yake ni wa chama gani kwa rangi ya kofia, ambavyo siasa inaanza na kahawa ya alfajiri na inalala na watu usiku, vipi picha zetu hazina siasa hata chembe?

Sisemi kila mchoraji achore viongozi, wala sitaki mtu atukanwe kwenye kanvasi. Nnachosema ni kwamba mambo yetu ya kila siku, nguo tunazovaa, nyimbo, barza tunazokaa kuzungumza, maandishi ya ukutani, ni uwanja wa madaraka tangu enzi za Masultani mpaka leo. Wenye madaraka wanalijua hilo na wanalitumia vizuri sana. Sanaa ya kuchora ndo ingekaa ikalitazama jambo hili kwa utulivu ikatuonesha sisi wenyewe tulivo, lakini tumeikodisha kwa watalii.

Tuanze na hilo jahazi. Machi 2019 Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi mkubwa wa upinzani, alipotoka chama cha CUF akaenda chama cha ACT-Wazalendo, neno lililotembea Unguja na Pemba lilikuwa "shusha tanga, pandisha tanga". Maneno ya baharini hayo. Hakuna aliyehitaji kufasiriwa, mzee wa Mtambwe na mtoto wa skuli mjini wote walielewa papo hapo kwamba chombo ni kile kile, abiria ni wale wale, kinachobadilishwa ni kile kitambaa kinachoshika upepo. Na watu wakaingia kazini na ndoo za rangi, ofisi na barza zilizokuwa na rangi za CUF zikageuka zambarau, burashi za kawaida zile za kupakia nyumba, kijana juu ya ngazi, wazee chini wanamuelekeza pale umeruka, pale rudia. Mie ile naihesabu ni kazi kubwa ya sanaa ya umma ilofanyika Zanzibar kwa miaka ya karibuni, na haina saini ya mtu. Sasa rudi Hurumzi uitazame picha ya jahazi. Tanga ni lile lile, limechorwa limejaa upepo, jeupe, safi, kama kwamba halijawahi kubeba neno la mtu yeyote.

Na si jahazi tu. Jaws Corner pale Mji Mkongwe imepewa jina la filamu ya Marekani ya papa, na papa mwenyewe kachorwa ukutani, watu wanakunywa kahawa chini yake, wanacheza bao na dhumna, na kwa miaka mingi sana barza ile imejulikana kuwa ni ngome ya upinzani. Filamu ya Hollywood, papa wa ukutani, birika la kahawa na siasa za Zanzibar vyote vimekaa kwenye kona moja isozidi hatua ishirini. Upande wa pili Michenzani kuna maskani ya Kisonge, kijiwe cha watu wa CCM, chama tawala, na ubao wake ambao watu walikuwa wanapita makusudi kuusoma leo wameandika nini, na mara nyengine yaliandikwa maneno makali mno, mengine ya kuumiza watu kwa asili zao, na hayo mie siwezi kuyasifu hata kidogo. Lakini ukitaka kuelewa namna gani madaraka yanazungumza na mtu wa kawaida hapa kwetu, huendi makumbusho. Unakwenda kwenye kona ile na ubao ule.

Alafu kuna kanga, na hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo penyewe.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo ni ule mzunguko wa pembeni, mji ni pale kati, na jina ni maneno ya chini, ambayo zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kila mtu anajua hivo. Tunachosahau ni kwamba kanga kwetu Zanzibar ilianza na suala la nani ni mtu na nani ni mali. Wanawake watumwa walivaa merikani na kaniki, vitambaa vya chini kabisa. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria mwaka 1897 wale wanawake na watoto wao hawakusubiri serikali iwaambie wao sasa ni nani, walikwenda dukani wakanunua kanga za rangi, za maua, wakajifunga wakatoka nazo nje. Ile ilikuwa ni kutangaza mbele ya mji mzima kwamba mie si wa mtu. Siti binti Saad, muimbaji wa taarabu, kazaliwa Fumba kwenye familia ya asili hio hio ya utumwa, kauza vyungu, kaja mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akenda Bombay kurikodi sahani za santuri, na kwenye nyimbo zake akazisema mahakama za wakati ule wazi wazi. Anao wimbo kuhusu mwanamke mgeni aliyeuliwa hapa mjini, muuaji akakimbia, waliokwenda kutoa ushahidi ndo wakafungwa. Ule ni muziki wa starehe, watu wanaucheza harusini, na ndani yake mna shitaka zima. Kwaiyo anaetwambia sanaa ya burudani na siasa ni vitu viwili mbali mbali, kwa Zanzibar huyo anazungumzia pahala pengine.

Nakumbuka Oktoba 2015. Tulipiga kura tarehe 25, tarehe 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akatangaza uchaguzi wote umefutwa. Mji ulinyamaza kimya kile cha kutisha, askari kila kona, maduka nusu mlango. Shangazi yangu alikuwa na kanga ya zamani imepauka mpaka nyekundu yake imekuwa kama maji ya ubuyu, jina lake "Japo sipati tamaa sikati". Siku ya pili yake akaitoa kabatini, akaipiga pasi, akajitanda mbele ya kioo akaigeuza geuza mpaka maneno yakakaa sawa sawa mgongoni, akatoka kwenda Darajani kununua samaki. Kapita mbele ya askari, kasalimia, kajibiwa. Hakutia neno lolote mdomoni mwake. Kila mwanamke aliyekuwa nyuma yake njiani aliisoma ile kanga akaelewa yote. Ilikuwa kanga ya mapenzi miaka yote, naapa, kapewa na mumewe walipokuwa wachumba. Siku ile ikawa kanga ya uchaguzi. Jirani yake mlango wa pili, mama wa upande wa chama tawala, nae asubuhi ya pili akaanua nguo zake kajifunga "Usisafirie nyota ya mwenzio". Waliangaliana wakapita. Jioni mtoto alitumwa akaazime mbuzi ya kukunia nazi kama kawaida na akapewa.

Mie niliyaona haya kwa macho yangu na mpaka leo naamini sijaona maonesho ya sanaa yaliyonigusa kama wale wanawake wawili. Nguo ni ya dukani, maneno ni ya kiwandani, mtu kachagua siku na kachagua njia ya kupita, basi.

Vyama nao wanalijua hili. Kila kampeni kanga zinagaiwa, na kofia na fulana, rangi ya chama kwenye pindo, kauli mbiu pahala pa jina, na pale mjini, kwenye moyo wa kanga, anawekwa mtu. Uso wa mgombea. Hebu fikiri maana ya jambo hilo. Kanga ni nguo ya ndani ya nyumba, mwanamke anazaliwa anafunikwa nayo, anabebea mtoto, analalia, na akifa huenda ikafunika jeneza lake. Kiongozi anaepigwa chapa kwenye kanga kaingia pahala ambapo televisheni haifiki. Na haikuanzia kwetu wala haiishii kwetu, mwaka 2008 Obama aliposhinda Marekani ilitoka kanga ya Tanzania ina picha yake na maneno "Hongera Barack Obama", watu wakazigombania, mtu wa Marekani kageuka wa kwetu kwa njia ya doti moja ya kanga.

Lakini kanga ina maisha yake baada ya kampeni. Nenda uani kwa mtu yeyote miaka miwili baada ya uchaguzi uangalie kamba ya nguo. Utaiona kanga ya mgombea imefuliwa mpaka uso umeanza kufutika, jicho moja limebaki, kauli mbiu imekatika kwa sababu upande mmoja umechanwa kufanywa kitambaa cha kushikia sufuria. Mwengine kaikunja akamtandikia mtoto. Pale kwenye ile kamba pana kazi nzima ya sanaa kuhusu ahadi na muda, na nani ananufaika na nani anafua, na mchoraji wetu kapita na kanvasi yake kwapani kenda kuchora mlango.

Aliyeliona hili ni mzaliwa wa hapa hapa, ila kaliona akiwa mbali. Lubaina Himid kazaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba yake kafariki yeye bado ni mtoto wa miezi, mama yake akarudi nae Uingereza. Mama mtu alikuwa mbunifu wa vitambaa, kwaiyo mtoto kakua katikati ya nguo na michoro ya nguo. Mwaka 2017 akapata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Hapa kwetu ilisemwa siku mbili tatu kwamba Mzanzibari kashinda, tukapongezana, tukanyamaza, na sidhani kama wengi tulikaa kuuliza kashinda kwa kufanya nini.

Anafanya hivi. Mwaka 1986, Margaret Thatcher yuko madarakani Uingereza na Ronald Reagan Marekani, yeye akaichukua picha maarufu ya karne ya 18 ya mchoraji Mwingereza William Hogarth, ya bibi mmoja mkubwa yuko chumbani kwake asubuhi anatengenezwa nywele huku kazungukwa na wageni na anazungumza na hawara wake. Himid akawakata wale watu kwenye mbao kwa kimo cha mtu mzima, akawavisha magazeti na vitambaa na takataka za mtaani, yule bibi akawa Thatcher, hawara akawa Reagan. Kazi inaitwa "A Fashionable Marriage". Kwenye picha ya Hogarth kuna mtumishi mweusi amesimama nyuma anahudumia watu, na kwa Himid pahala pale amesimama msanii mwanamke mweusi. Yaani kafanya kile kile wanachofanya watu wa barza, kachukua kitu ambacho kila Mwingereza anakijua akakigeuza kisemee mambo ya leo. Baadae mwaka 2004 akatengeneza watu 100 wa mbao kama hao, watumwa na watumishi wa majumba ya Ulaya, kila mmoja ana jina lake la asili na jina alopewa na mwenye kumiliki, na kazi anayoijua kweli na kazi anayolazimishwa. Mtu wa Zanzibar akiisoma hio hahitaji maelezo, sisi wenyewe tuna koo ambazo majina yao ya bara yalipotea njiani. Na anatumia kanga, mtindo wake ule wa pindo na mji na maneno chini, kwenye michoro yake mingi. Kanga ile ile ya shangazi yangu imekaa kwenye galari za London na watu wanalipa tiketi kuiangalia, na ndie aliyechaguliwa kuiwakilisha Uingereza kwenye maonesho ya Venice ya mwaka 2026.

Sisemi haya kwa kijicho, nafurahi sana. Ila inauma. Njia ile yeye kaijua kwa mama yake na kwa vitambaa vilivosafiri, sisi tunayo uani imening'inia.

Kwa nini basi? Jawabu la mwanzo ni pesa, na hili nalisema bila ya kumlaumu mchoraji hata mmoja, mtu ana watoto. Anaenunua picha Zanzibar ni mgeni, amekuja wiki moja, anataka kitu cha kuingia kwenye begi kitakachomkumbusha bahari. Hata ule mtindo wa Tingatinga ambao mzee Edward Said Tingatinga aliuanza Dar es Salaam miaka ya 1960, alipigwa risasi mwaka 1972 hata hajafika mbali, umekuja huku umekuwa ni kopi ya kopi kwa sababu ndo unaotoka dukani haraka. Anaelipia sanaa ya siasa ni chama, na chama kinataka uso wa mgombea uonekane vizuri, hakitaki swali. Katikati ya mtalii na chama hakuna mnunuzi wa tatu. Hatuna galari ya taifa ya kununua kazi za wasanii wetu na kuziweka watoto wa skuli waje waone, na Beit al-Ajaib, jumba lililobakia kuwa ndo makumbusho yetu makubwa, liliporomoka upande mmoja Disemba 2020. Sanamu inayopigwa picha zaidi ya zote hapa mjini, ile ya watumwa ndani ya shimo pale Kanisa la Mkunazini na minyororo shingoni, imechongwa na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Kazi nzuri, inakamata moyo. Lakini maumivu yale ni yetu na tumeletewa yamechongwa.

Jawabu la pili ni woga, na woga nao una sababu zake. Sura ya mkubwa kwetu ni kitu kizito. Babu yangu kaacha bahasha ya stempu, ndani yake mna moja ndogo ina uso wa Sultani, na juu yake imegongwa kwa muhuri JAMHURI 1964, herufi nyeusi zimekaa upande kidogo, mkono wa aliyegonga ulikuwa na haraka. Ndivo ilivokuwa baada ya Mapinduzi ya Januari 12, hakukuwa na wakati wa kuchapisha mpya, Posta ikachukua stempu za zamani ikazigonga neno. Ukiishika ile kwenye kiganja unaona enzi mbili kwenye karatasi isofika ukubwa wa kucha tatu. Na Capital Art Studio, duka la picha lililofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, lilipiga picha za Sultani na baada ya Mapinduzi likapiga za viongozi wapya, kamera ile ile. Hadi leo ukiingia dukani au ofisini macho ya kwanza unayokutana nayo ni ya wakubwa kwenye fremu juu ya ukuta. Tumefundishwa tangu wadogo kwamba picha zile haziguswi. Na kule Mbeya Julai 2024 kijana mmoja mchoraji kahukumiwa miaka 2 jela au faini ya shilingi milioni 5 baada ya video yake akiichoma picha ya Rais, mpaka watu wakachangishana mtandaoni akatolewa. Kuchoma picha mie siungi mkono, nasema wazi, lakini kila kijana mwenye burashi aliisikia habari ile na kila mmoja alirudi nyuma hatua.

Ndo maana narudi kwenye fumbo, kusema bila ya kutaja, kama ile kanga ya shangazi. Watu wengi, hasa vijana waliozoea mitandao, wanaliona fumbo ni uoga, wanasema kama una neno sema. Hawamjui shangazi yangu. Fumbo linampa msomaji kazi ya kumalizia mwenyewe, na neno ulolimalizia mwenyewe halitoki kichwani. Fumbo linamruhusu yule jirani wa chama chengine ajibu kwa kanga yake bila ya mtu kupigwa. Na fumbo halina saini, yaani anaetaka kukasirika kwanza inabidi akubali kwamba yeye ndo anaesemwa. Wachoraji wetu wanayo silaha hii tayari kwenye damu, hawahitaji kwenda kusomea.

Kuna kijana wa Ng'ambo namfahamu, mchoraji, mkono wake mwepesi sana. Mwaka juzi alichora picha moja, kamba ya nguo uani, kanga nne zimeanikwa, na kwenye kila moja uso umefutika kiasi tofauti, ya kwanza unamuona mtu kabisa, ya nne limebaki doa. Hakuna jina la mtu wala rangi ya chama, kaweka buluu tu na nyeupe ya sabuni. Akaipeleka duka moja la wageni. Mwenye duka kaitazama sana, kamwambia nzuri, lakini hii itaniletea maneno, nenda kaniletee majahazi sita. Akachora yale majahazi kwa sababu kodi ilikuwa imefika, na ile picha ikakaa nyuma ya mlango wake inakula vumbi.

Wiki iliyopita kanitumia picha kwenye WhatsApp saa nane za usiku. Kaacha kanvasi, kenda Darajani kanunua doti ya kanga nyeupe isochapwa, anaichora mwenyewe kwa mkono. Pindo lake ni migongo ya watu kwenye mstari wa kupiga kura, wadogo wadogo, wanakwenda kanga nzima wanazunguka wanarudi pale walipoanzia. Mji kaweka jahazi, na tanga lake kalishonea kipande cha kanga ya kampeni ya zamani, rangi imepauka, unaona sikio la mtu na nusu ya herufi. Niliikuza ile picha kwenye simu nikaitazama mpaka chaji ikaisha. Chini pahala pa jina kaacha patupu. Ananiuliza, kaka, hapa niandike nini?

Nikamwambia mie sijui, kesho baada ya laasiri njoo na kanga yako twende kwa shangazi.